UZI: Simama wima kwanza, ndipo useme mbele, nyuma, ndani na nje ya mwili (kwa wanafunzi wa afya na wanaouguza nyumbani)

Fundi Viungo (mtoa mada)

Wakuu, habari za jioni. Salamu za pekee kwa watu wa kusini: Mtwara, Mikindani, Newala, Masasi, Lindi, Nachingwea na Kilwa.

Nafanya kazi ya mazoezi tiba hapa Mtwara mjini, na napokea wanafunzi wa utabibu na uuguzi wanaokuja kujifunza kwa vitendo. Wanakuja na orodha waliyoikariri vizuri: anteria, posteria, mediali, laterali, proksimali, distali. Wanaitaja bila kukwama. Lakini mlaze mgonjwa kifudifudi, umwambie mwanafunzi akuoneshe upande wa anteria, yaani wa mbele, wa paja. Wengi wanagusa upande unaotazama dari. Hilo linaniuma, maana vijana hawa wana akili na wana bidii. Walipewa majina kabla ya kuoneshwa namna ya kusimama.

Kila neno la mahali na la mwendo katika anatomia, yaani elimu ya umbo la mwili, limepimwa kutoka mkao mmoja tu. Mtu amesimama wima, uso na macho yanatazama mbele, miguu imekaribiana, vidole vya miguu vinaelekea mbele, mikono imening'inia kando ya mwili na viganja vimegeuzwa kutazama mbele. Hapo kwenye viganja ndipo penye kazi. Ukisimama kawaida viganja vyako vinatazama mapaja. Katika mkao huu unavigeuza mpaka gumba zote mbili zinaelekea nje, mbali na mwili. Ukiwa unasoma hapa, inuka ufanye, usione haya.

Ukishasimama hivyo, mwili umefungwa. Mgonjwa akilala chali, akilala ubavu, akikaa kwenye baiskeli, maneno hayahami. Mtoto akining'inia kichwa chini kwenye tawi la mkorosho, kichwa chake bado kiko supiria kwa tumbo lake, yaani juu yake, hata kama macho yetu yanaona kiko chini. Na yule aliyelala kifudifudi, anteria ya paja lake imegandamizwa kwenye godoro.

Sasa tutembee.

Anteria ni upande wa mbele, wenye kifua, kitovu na magoti. Posteria ni upande wa nyuma, wenye mgongo, makalio na visigino. Supiria ni kuelekea kichwani, infiria ni kuelekea nyayo. Haya hayana shida.

Mediali na laterali ndiyo yanayosumbua. Chora mstari kutoka katikati ya paji la uso, upite puani, kitovuni, mpaka katikati ya miguu. Kilicho karibu zaidi na mstari huo ni mediali, kilicho mbali ni laterali. Pua iko mediali kwa macho, masikio yako laterali kwa macho. Tazama gumba lako sasa, viganja vikiwa mbele. Limeangukia nje, kwa hiyo ni laterali, na kidole cha mwisho ni mediali. Lakini kwenye mguu dole gumba liko mediali. Ukisahau kugeuza viganja, umegeuza mkono mzima, na ile mifupa miwili ya kigasha (mkono kati ya kiwiko na kiganja) utaibadilishana: radiasi iko upande wa gumba, ulna iko upande wa kidole cha mwisho.

Proksimali na distali tunayatumia zaidi kwenye mikono na miguu. Kilicho karibu na shina, pale kiungo kinapoanzia begani au nyongani, ni proksimali. Kilicho mbali na shina ni distali. Kiwiko ni proksimali kwa kiganja. Goti ni distali kwa nyonga.

Kisha kuna kina. Ngozi iko juujuu, misuli iko ndani zaidi, mfupa ndani zaidi ya misuli. Yamekwisha hayo.

Kuhusu miendo, nitaweka kwenye posti inayofuata. Nani yupo?

---

Binti Newala

Nipo siti ya mbele, mwalimu. Nasoma uuguzi mwaka wa kwanza na wiki hii ndiyo tumeanza anatomia. Nimesimama chumbani nimegeuza viganja, mdogo wangu ananishangaa. Endelea.

---

Kaka wa Chikongola

Mkuu heshima yako, ila mimi naona mnajitesa bure. Kiswahili kina mbele, nyuma, juu, chini, ndani, nje. Mgonjwa ni Mmakonde wa Tandahimba, ukimwambia laterali atakuelewa? Tuseme tu kwa lugha yetu yaishe.

---

Fundi Viungo (mtoa mada)

Kaka, mgonjwa huwa siongei naye kwa maneno haya, na mwanafunzi akifanya hivyo mbele yangu namkataza. Mgonjwa namuuliza, "Bibi, wapi panauma? Hebu weka kidole." Anaweka kidole, basi.

Tatizo linaanza ninapoandika. Nikiandika "maumivu ndani ya goti", atakayesoma ataelewa nini? Upande wa goti unaotazamana na goti jingine, au katikati ya kiungo chenyewe mlimo na kano? Nikiandika "kidonda juu ya goti", kiko kwenye goti lenyewe au kiko pajani, juu kidogo ya goti? Na mguu kwetu unaanzia nyongani mpaka kwenye vidole. Sisi tunaozungumza uso kwa uso tunaoneshana kwa mkono, hatupotezani. Karatasi ya rufaa haina mkono wa kuonesha. Anayeipokea hospitali ya Ndanda au Nyangao hakumwona mgonjwa pale kwako, na huenda mgonjwa amefika hajitambui.

Ndiyo sababu wanaanatomia walikaa Basel, Uswisi, mwaka 1895 wakakubaliana orodha moja ya majina, maana kabla ya hapo sehemu moja ya mwili ilikuwa na majina mengi, kila shule na lake. Orodha hiyo imerekebishwa mara kadhaa, na ile ya mwaka 1998 ilitoka kwa jina la Terminologia Anatomica. Ukisema "goti la kulia, upande wa mediali", daktari wa Lindi na wa Hanoi wanaweka kidole mahali pamoja.

---

Mzee wa Mitengo

Na hilo la kulia na kushoto lizungumzie, mwalimu. Nilipelekwa picha ya eksirei ya kifua, nikaona moyo uko upande wa kulia wa picha. Nikaogopa kweli.

---

Fundi Viungo (mtoa mada)

Mzee shikamoo. Picha ya eksirei tunaitazama kama vile wewe umesimama mbele yetu, tumeelekeana. Kushoto kwako kunaangukia kulia kwetu. Kwa hiyo moyo wako uko pale pale ulipowekwa, umeelemea kushoto. Kwenye filamu huwa kuna alama ya upande, na anayeisoma huanza na alama hiyo kabla ya kitu kingine chochote.

Sheria yenyewe ni moja: kushoto ni kushoto kwa mgonjwa, siku zote. Kushoto kwa daktari hakuna kazi. Ukimhudumia mtu na unaona mikono yako inataka kukuchanganya, gusa kiungo chake kwanza, kisha utaje upande.

Hata picha za CT, zile za eksirei zinazoundwa na kompyuta, zina utaratibu wake. Zinaonesha mwili kama umekatwa vipande vya mlalo, na tunavitazama kama tumesimama miguuni pa mgonjwa aliyelala chali, tunaangalia kuelekea kichwani. Ini lake, ambalo liko kulia, linaonekana kushoto mwa picha.

Nimetaja kukata, basi niseme na mabapa yenyewe, yaani nyuso tambarare za kufikirika zinazokata mwili. Bapa la sagitali linagawa mwili kushoto na kulia. La koronali linagawa mbele na nyuma. La mlalo linagawa juu na chini. Yanafaa kwa sababu miendo mingi ya viungo inakwenda ndani ya bapa mojawapo.

---

Fundi Viungo (mtoa mada)

MIENDO. Nitatumia kazi za watu wa huku, maana mwili unaofanya kazi ndio kitabu kizuri.

Nenda Mikindani umtazame mkwezi wa minazi anavyopanda. Magoti yamekunjwa na yametanuka kulia na kushoto. Kukunja kiungo ni fleksheni, kukinyoosha ni ekstensheni. Kupeleka paja mbali na mstari wa katikati ni abdaksheni, kulirudisha ni adaksheni. Majina haya mawili yanafanana mno masikioni, kwa hiyo unapomwagiza mwenzako kwa mdomo tamka taratibu au sema "tanua" na "rudisha".

Lakini usimwangalie mkwezi magoti tu. Angalia nyayo zake. Zimegeuka zinatazamana, zimeushika mti kwa pande zote mbili. Huo mwendo wa wayo kugeukia ndani ni invesheni. Wayo ukigeukia nje ni evesheni. Mtu anayeteguka kifundo cha mguu uwanjani, mara nyingi ni invesheni imepita kiasi, ndiyo maana uvimbe na maumivu vinakaa upande wa laterali, mbele na chini kidogo ya lile fundo la nje. Kano za upande huo ndizo zinazovutwa na kuchanika.

Kifundo hicho hicho kinapanda na kushuka. Ukivuta vidole kuelekea muundini, ni dosifleksheni. Ukikandamiza chini, ni plantafleksheni. Dereva wa bodaboda anafanya vyote viwili kwenye gia kutwa nzima: anakanyaga, ananyanyua. Na mkono wake wa kulia ukizungusha mafuta kujivutia, kifundo cha mkono kinakwenda ekstensheni.

Sasa jikoni. Mama amekaa kwenye mbuzi anakuna nazi. Kifuu kimejaa kwenye kiganja, na kigasha kinageuka kwenda na kurudi ili kila upande wa nazi upite kwenye meno. Kiganja kikigeuka kutazama juu ni supinesheni, kikigeuka kutazama chini ni pronesheni. Kiwiko kikiwa kimekunjwa kwenye pembe mraba utauona mwendo huu wazi, maana bega haliwezi kusaidia. Radiasi inazunguka na kuvuka juu ya ulna. Ulna karibu haitoki mahali pake. Shika kigasha chako kwa mkono mwingine, geuza kiganja polepole, utausikia mfupa ukipita chini ya vidole.

Wabangua korosho nao: mkono mmoja unashika punje, gumba linakuja kukutana na ncha za vidole vingine. Hiyo ni oposisheni. Mkono wa pili unapiga, na kila pigo kiwiko kinanyooka kisha kinakunjika. Wengi wanakaa chini wameinama saa nyingi, uti wa mgongo ukiwa kwenye fleksheni. Wanapokuja kwangu na kiuno, mazoezi ya kwanza ninayowapa kwa kawaida ni ya kuelekea upande mwingine, yaani ekstensheni, nikishajiridhisha kwamba hakuna ganzi miguuni wala shida ya haja.

Na sindimba jamani. Mchezaji mzuri wa sindimba anainamisha fupanyonga mbele na nyuma, analipeleka kushoto na kulia, huku kifua kimetulia. Kuitenga nyonga na kifua namna ile ni kitu ninachotumia wiki nyingi kumfundisha mtu aliyekakamaa kiuno. Ngoma zetu zina elimu ya viungo ndani yake na tunapaswa kujivunia.

---

Nahodha Shangani

Mwalimu umetema madini. Swali: umesema fleksheni ni kukunja. Kiwiko kikikunjwa mkono unakuja mbele, nyonga ikikunjwa paja linakuja mbele. Mbona goti likikunjwa mguu unakwenda nyuma? Nani kaligeuza?

---

Fundi Viungo (mtoa mada)

Nahodha, swali lako ni zuri kuliko mengi niliyoulizwa darasani, na jibu lake liko tumboni mwa mama.

Mikono na miguu inaanza kama vichipukizi vinavyotokeza ubavuni mwa kiinitete. Karibu wiki ya 7 vinazunguka, na kila kimoja kinakwenda upande wake. Mkono unazunguka kwa kiasi cha nyuzi 90 kuelekea nje, ndiyo maana kiwiko kimetazama nyuma. Mguu unazunguka kuelekea ndani, goti likaja mbele na dole gumba likaishia upande wa mediali. Kwa hiyo misuli inayokunja goti iko nyuma ya paja, na inayolinyoosha iko mbele. Ndivyo ulivyozaliwa.

Kwa hiyo usikariri kwamba fleksheni ni mbele. Kwenye viungo vingi fleksheni inapunguza pembe kati ya mifupa miwili. Goti linatii.

---

Mwana Lindi

Niongeze kitu kutoka huku kwetu. Je, maneno haya yanatumika kwa wanyama? Nauliza kwa sababu ya kilima cha Tendaguru, hapa Lindi. Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria pale kati ya 1909 na 1913, wakiongozwa na Werner Janensch na Edwin Hennig, na msimamizi mkuu upande wa Waafrika alikuwa Boheti bin Amrani. Kazi yote ya kufukua na kubeba ilifanywa na watu wa huku. Yule dinosaria mkubwa, Giraffatitan, amesimama kwenye makumbusho ya Berlin mpaka leo.

---

Fundi Viungo (mtoa mada)

Mwana Lindi, umenifurahisha kwa kumtaja Boheti bin Amrani. Jina lake lilistahili kufundishwa katika kila shule ya Lindi.

Ndiyo, yanatumika, ila mnyama wa miguu minne hasimami kama sisi, kwa hiyo wanaacha supiria na anteria. Wanasema kranio kwa upande wa kichwa, kaudo kwa upande wa mkia, doso kwa upande wa mgongo, ventro kwa upande wa tumbo. Kwa binadamu doso ni sawa na nyuma na ventro ni sawa na mbele. Kwa mbuzi au kwa Giraffatitan, doso inatazama angani.

Na huyo mnyama wako anaonesha kwa nini mkao una uzito. Mfupa wa juu wa mguu wake wa mbele una urefu wa zaidi ya mita 2. Mwaka 1937 walipomsimamisha, miguu ya mbele waliiweka viwiko vimetanuka nje. Alipojengwa upya na kuoneshwa mwaka 2007, miguu hiyo iliwekwa wima zaidi chini ya mwili na mkia ukainuliwa kutoka sakafuni. Mifupa ni ile ile ya Tendaguru, lakini mnyama mzima alibadilika kwa sababu ya swali la wapi ni nje na wapi ni chini.

---

Mama Pili

Samahanini, mimi si mwanafunzi. Mtoto wangu alichomwa sindano ya chanjo pajani, jirani akaniambia wangemchoma kalioni. Nani mkweli?

---

Fundi Viungo (mtoa mada)

Mama, muuguzi wako alifanya sahihi. Kwa mtoto mchanga sindano ya msuli inachomwa pajani, mbele kuelekea nje, sehemu ya katikati ya paja. Pale kuna msuli wa kutosha na hakuna mshipa mkubwa wa fahamu wala wa damu karibu. Kalioni unapita mshipa wa fahamu wa siatiki, mnene kama kidole, unaoshuka mguuni. Kwa mtu mzima, kalio likigawanywa robo nne, sindano inakwenda robo ya juu upande wa laterali, mbali na mshipa huo. Sindano iliyokosea upande hapo inaweza kumwacha mtu anaburuza mguu. Wanafunzi mnaosoma, hilo neno "laterali" mlilokuwa mnalikariri kazi yake ni hiyo.

---

Binti Newala

Mwalimu, na mama mjamzito kwa nini tunaambiwa alale ubavu wa kushoto?

---

Fundi Viungo (mtoa mada)

Mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni kutoka miguuni unapita mbele ya uti wa mgongo, umeelemea kulia. Mimba ikishakuwa kubwa, mama akilala chali tumbo la uzazi linaukandamiza, damu inapungua kurudi moyoni, anasikia kizunguzungu. Akilala ubavu wa kushoto uzito unauondokea. Mtu aliyezimia lakini anapumua, naye mlaze ubavu, ili ulimi na matapishi visizibe njia ya hewa.

---

Mjukuu wa Nanyamba

Mwalimu, nimesoma uzi wote kwa sababu moja. Bibi yangu alipata kiharusi, upande wa kulia umekufa. Amerudishwa nyumbani, tunamuuguza wenyewe. Alilala chali tu kwa siku nyingi. Tufanyeje?

---

Fundi Viungo (mtoa mada)

Pole sana, mpe bibi shikamoo yangu.

Mgeuzeni kila baada ya saa 2, mchana na usiku, mpeane zamu. Chali, ubavu wa kushoto, chali, ubavu wa kulia. Akilala ubavu, wekeni mto kati ya magoti na mwingine mgongoni asirudi chali. Akilala upande ule uliopooza, bega lake livutwe mbele kidogo asililalie.

Kumwinua, msimvute kwa mkono wa kulia hata siku moja. Misuli iliyokuwa inashika bega imelegea, mkivuta bega linaachia na maumivu yake hayaishi haraka. Pitisheni mikono mgongoni, kwenye mabega yote mawili.

Mguu wa kulia mtaona wayo unalala kuelekea chini, ile plantafleksheni niliyoitaja. Ukiachwa hivyo wiki nyingi msuli wa nyuma unafupika, na siku akipata nguvu ya kusimama kisigino hakitagusa chini. Kila siku, mara kadhaa, shika kisigino chake kwenye kiganja chako, wayo ulale kwenye kigasha chako, kisha sukuma taratibu kuelekea muundini, goti limenyooka. Shikilia huku ukihesabu polepole mpaka 30. Usitumie nguvu, na akikunja uso acha.

Viungo vingine vya upande huo vipitishwe mwendo wake wote mara mbili kwa siku: vidole, kifundo, kiwiko, nyonga, goti. Mkono huo msiunyanyue kupita usawa wa bega mpaka mtaalamu alione bega.

---

Mjukuu wa Nanyamba

Asante sana. Tumeona kisigino kimekuwa kigumu na cha moto kidogo, ngozi haijachubuka. Ni kidonda?

---

Fundi Viungo (mtoa mada)

Ndivyo kidonda cha kulalia kinavyoanza. Kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo joto na ugumu ndivyo vya kutafuta. Leo hii wekeni mto chini ya shavu la mguu, kisigino kibaki hewani, kisiguse godoro kabisa. Kagueni pia kisogo, viwiko, na pale juu ya mpasuo wa makalio. Msikande mahali hapo na msipake dawa ya kienyeji. Asubuhi aitwe mhudumu wa zahanati aje aone, na ukimpigia simu mwambie ni kisigino cha mguu upi, wa kulia au wa kushoto, na ni nyuma au upande.